Ngozi Iliyobaki: Mjadala Barazani kwa Fundi

Hoja iliyo mezani ni hii. Mtu aliyekuwa mnene sana amejinyima, ametembea, amepungua hadi sukari yake ya damu ikashuka. Ngozi imebaki. Inaning'inia tumboni, inatikisika mikononi, imekunjamana mapajani. Je, aende hospitali ikakatwe, au aishi nayo?

Nimeipeleka hoja hii Shishiyu, kata ya Wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, kwa sababu kule mwili wa mtu ni habari ya wote. Kwenye nyumba za kupanga za Dar es Salaam mtu anaweza kupungua nusu yake na mpangaji mwenzake asigundue. Shishiyu mtu anajulikana kwa mwendo akiwa bado mbali barabarani, na mwili wake ukibadilika, kila anayepishana naye ana la kuuliza. Wasemaji sita nimewaunda mwenyewe, kwa hiyo msomaji asiwatafute. Maneno yao lakini yapo, yanasemwa kisimani, mnadani na kwenye benchi la zahanati. Nimewakalisha barazani kwa fundi cherehani, msimu wa kuchuma pamba ukiwa umekolea, maana fundi ndiye anayeujua mwili wa mtu kwa sentimita.

Nina upande wangu, nami nitausema. Aanze mwenye ngozi.

Mkulima: Shikamooni wakubwa. Mimi nilianza kunenepa baada ya mtoto wa tatu, na sikuona kuwa ni tatizo. Nani angeona? Watu walikuwa wanampongeza mume wangu kwamba ananitunza. Harusini napewa kiti cha mbele, mnadani wauza vitenge wananiita mama tajiri. Halafu ikaja kiu isiyoisha, usiku naamka kukojoa kila mara, nyayo zinawaka moto. Zahanati wakanitoboa kidole, wakasema kisukari. Niliogopa kweli, kwa sababu kwenye ukoo wetu yupo aliyekatwa mguu kwa ugonjwa huo. Nikaacha soda. Chai nikanywa bila sukari. Ugali nikaupunguza ukawa tonge chache, pembeni mlenda mwingi, choroko na dagaa. Bodaboda ya kwenda shambani nikaiacha, nikawa natembea. Imenichukua karibu miaka mitatu. Sukari imetulia, magoti hayaumi, naweza kuinama kupalilia mstari mzima bila kuhema. Ila nilikuwa na ahadi moyoni, kwamba nikimaliza nitarudi nilivyokuwa msichana. Sikurudi. Nikivua nguo namkuta mtu wa tatu ambaye sijawahi kumwona. Msichana yule siye, na bonge yule siye. Tumbo limebaki kama kiroba kilichokwisha kumwagwa pamba.

Fundi: Niruhusu mama, maana mwili wako umepita kwenye futi yangu miaka mingi. Zamani vipimo vyako vilikuwa vinakwenda pamoja. Sasa ukisimama nakupata kiuno hiki, ukikaa nakupata kingine. Ukiinua mkono, mkono wa gauni unataka kitambaa zaidi kuliko ukiushusha. Nikishona kwa kipimo cha kusimama, siku ukikaa kanisani zipu inaachia. Wateja wa namna yako ninao kadhaa, na wote wananiomba kitu kimoja, mikono mirefu. Jua hili la Simiyu, mtu anachuma pamba na mikono mirefu iliyobana kifundo. Nawashonea, siwezi kukataa kazi. Lakini najua wanakificha nini.

Bibi: Mayu, mimi nitakueleza ukweli. Tulikulilia. Ulipoanza kupungua, wanawake wenzako walikuja kwangu usiku wakaniuliza kama umeshapima. Wengine walisema umekanyaga waya. Mimi nilinyamaza, na nilinyamaza kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo. Sisi tuliona watu wakikonda, kisha tukawazika.

Mkulima: Nilijua, bibi. Ndiyo maana nilianza kuvaa sweta.

Hapa nausimamisha mjadala kidogo, kwa sababu maneno ya bibi yana historia na haifai kuyapita. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa Kagera, upande wa pili wa Ziwa Viktoria. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliupa ugonjwa huo jina la Slim, kwa jinsi ulivyomla mtu nyama ya mwili. Kwa karibu miaka ishirini iliyofuata, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure, Kanda ya Ziwa ilijifunza kuusoma mwili kwa macho. Kukonda kulikuwa taarifa ya msiba inayokuja. Ukiongeza kifua kikuu, ambacho nacho humkondesha mtu, na njaa za miaka ya ukame, unaelewa kwa nini mama mnene alionekana salama na mama anayepungua akaonekana anaondoka. Kizazi cha bibi hakikuwa na ubaya. Kilikuwa na makaburi.

Muuguzi: Na mimi nakubali kwamba hofu ile haikutoka hewani. Mpaka leo mtu akipungua bila kukusudia, bila kubadili chakula wala kazi, aje tumpime. Huenda ni kifua kikuu, huenda ni sukari yenyewe, huenda ni VVU, huenda ni jambo jingine. Lakini siku hizi wapo wenye VVU wanaotumia dawa vizuri na wana miili kuliko mimi, na wapo waliokonda kwa mazoezi ambao hawana virusi. Jicho la jirani halipimi kitu. Kipimo kiko zahanati, na majibu ni ya mwenye mwili.

Mwalimu: Mimi ni mstaafu, nimefundisha hapa tangu wengi wenu mkiwa madawati ya mbele, kwa hiyo nitasema wazi. Tumefika wapi hadi ngozi ya tumbo ikawa ajenda? Mama huyu amepona. Alikuwa anakwenda kukatwa mguu au kupooza, leo anapalilia. Angepaswa kufanya sherehe, achinje mbuzi, tule. Badala yake anajitazama kwenye kioo. Haya ya kujitazama yamekuja na simu.

Binti: Mwalimu, niwie radhi. Mimi nasoma Mwanza, simu ninayo, na siikatai kwamba inachochea. Lakini shangazi hana simu ya kuonyesha picha, na hata hivyo amevaa sweta. Halafu, mwalimu, meno yako ya mbele yalipong'oka uliweka ya bandia. Hakuna aliyekuambia umeiga watu wa mjini.

Mwalimu: Meno natafunia.

Binti: Na ngozi ile inamsumbua kuliko hivyo, ila hajawaambia bado. Shangazi, sema.

Mkulima: Kwa heshima yenu, nitasema. Mnajua tunavyochuma. Kitambaa unakifunga kiunoni, pamba unaitumbukiza kwa mbele. Kikijaa kinavuta kwenda chini, na fundo linakata hapa, kwenye mkunjo. Jasho linaingia halitoki. Jioni nikijifungua pamekuwa pekundu, panawasha, na kuna harufu. Nikapaka poda, ikawa tope. Nikapaka mafuta ya mgando, ikawa mbaya zaidi. Kuna siku nilipofungua, ngozi ilitoka na kitambaa. Ule unene uliniletea sukari lakini haukunipa kidonda cha namna hii.

Wote wakanyamaza, na mwalimu akawa wa kwanza kumwambia pole. Nami nasema ingekuwa vizuri kama mjadala wa aina hii ungeanzia hapa kila mara, kwa sababu watu wengi wanaoujadili hawajui kuwa ngozi iliyolegea inaweza kuoza. Wanadhani habari yote ni kioo.

Muuguzi: Hicho mama ni michubuko, na mara nyingi fangasi huingia hapohapo kwa sababu wanapenda penye joto, unyevu na giza. Asubuhi na jioni, nyanyua mkunjo, osha kwa maji na sabuni isiyo kali. Usisugue. Kausha kwa kupapasa na khanga kuukuu iliyo safi, hadi pawe pakavu kabisa, hata kama itakubidi ulale chali dakika chache upepo upite. Halafu weka kipande cha kitambaa cha pamba kati ya ngozi na ngozi, ukibadilishe kikilowa. Pamba tunayo, tunailima wenyewe. Poda usiirundike. Pakiwa pekundu na vipele vidogo pembeni, njoo nikupe dawa ya fangasi ya kupaka, na uipake hadi siku zile nitakazokuambia, usiishie pale panapoacha kuwasha. Na kwa kuwa una sukari, usisubiri. Kidonda cha mwenye kisukari hupona polepole. Ukiona usaha, ukisikia homa, au wekundu unatambaa, njoo siku hiyohiyo.

Bibi: Mimi ningemfunga tumbo. Tukizaa tulifungwa khanga barabara, siku arobaini, na matumbo yalirudi.

Muuguzi: Yalirudi, bibi, na sababu ni kwamba mimba ni ya miezi tisa na ninyi mlikuwa wasichana. Ndani ya ngozi kuna nyuzi za kolajeni zinazoipa uimara, na nyuzi za elastini zinazoifanya ivutike na kujirudi. Ikivutwa kwa miezi, mwili mchanga hujitahidi ukaikusanya. Ikivutwa miaka kumi na tano nyuzi hukatika, na ile michirizi mnayoiona ndiyo dalili yake. Mafuta yakishaondoka chini yake, hakuna kinachoirudisha. Umri unachangia, sigara inachangia, jua la miaka mingi linachangia, urithi pia, na zaidi ya yote ni kilo ngapi zimetoka. Kufunga khanga kunaisaidia isitikisike, na mtu akitembea anaona nafuu. Kuifupisha, hakuwezi. Ukikaza sana kwenye joto hili unarudi kwenye vidonda.

Binti: Na krimu zile wanazouza, na unga wa kolajeni?

Muuguzi: Krimu inalainisha ngozi ya juu. Ngozi iliyoshuka tumboni, krimu haitainyanyua, wala unga wa kunywa hautainyanyua. Fedha hiyo nunua mayai. Mtu aliyepungua sana hupoteza na misuli, na misuli ikijengwa upya hujaza sehemu ya pale palipokuwa na mafuta: mapajani, makalioni, kidogo mikononi. Anahitaji vyakula vya kujenga mwili, na hapa vipo: choroko, dengu, kunde, dagaa, maziwa, mayai. Na kazi nzito ya mwili, ambayo Shishiyu haijawahi kukosekana. Tumbo ndilo gumu kuliko vyote. Hapo sitamdanganya mtu.

Mwalimu: Basi kama hapafai krimu wala khanga, aishi nalo. Babu zetu hawakuficha miili. Bagika na Bagalu, vyama vyetu vya ngoma, wakishindana baada ya mavuno, watu walicheza vifua wazi, vijana kwa wazee, mwenye kovu na asiye na kovu. Mwili ulikuwa wa kufanyia kazi na kuchezea ngoma.

Bibi: Mwalimu, ulikuwa unawatazama wanaume. Mimi nilikuwa upande wa wanawake. Binti mwembamba alisemwa kwamba hatazaa, hatabeba maji, baba yake hatapata ng'ombe wa maana. Mnene alishangiliwa. Miili ilikuwa wazi, hilo kweli, lakini ilikuwa inahesabiwa. Usimwambie huyu mama kwamba zamani hapakuwa na kioo. Kioo kilikuwa sisi.

Sijui kama mwalimu alitarajia jibu hilo kutoka upande ule. Mimi nalichukua kuwa neno zito kuliko yote yaliyosemwa barazani. Tumezoea kusimulia kwamba aibu ya mwili imeletwa na picha za mtandao, na kwamba kijiji kina huruma ya asili. Kijiji kina huruma, nami nimeiona mara nyingi kwenye misiba na magonjwa. Lakini kina macho pia, na macho yale yamekuwa yakiupima mwili wa mwanamke muda mrefu kabla ya simu. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliyepungua leo anapimwa kwa vipimo viwili kwa wakati mmoja. Kimoja cha zamani kinasema amekwisha. Kingine kipya kinasema hajamaliza, bado ana nyama uzembe.

Na watu wa aina yake wataongezeka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa na unene huo wa kupindukia. Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa akiongoza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, aliwafundisha Watanzania kuogopa sukari na sahani iliyojaa wanga hadi jina lake likawa la kutajwa mezani watu wakianza kula. Mafundisho yale yamewaokoa wengi, naamini hivyo kabisa. Ila mazungumzo yetu ya kupunguza mwili hukomea kwenye mizani. Mtu akifika uzito aliopangiwa tunampigia makofi na kuondoka, naye anabaki na chumba chake na taa yake.

Mkulima: Taa naizima. Niseme na hilo, bibi anisamehe. Mume wangu hajawahi kunitolea neno baya. Ananiuliza tu, unaumwa? Kila usiku, unaumwa? Mimi nikisikia swali lile nageukia ukutani.

Bibi: Mwambie siku moja akuulize mchana.

Binti: Nirudi kwenye hoja. Mwaka 2023 Mloganzila, hospitali ya Taifa pale Dar es Salaam, walianza upasuaji rekebishi na wa urembo. Zamani mtu alikuwa anafikiria India. Leo huduma iko ndani ya nchi. Kwa nini shangazi asiende? Ng'ombe wapo. Kaka zake waliuza ng'ombe wakanunua pikipiki, hakuna aliyewaita kikao barazani.

Mwalimu: Pikipiki inaingiza fedha.

Binti: Na mtu ambaye hachumi pamba kwa sababu ya kidonda anaingiza nini?

Muuguzi: Taratibu, wote wawili. Upasuaji huo upo na una faida, lakini mnauzungumza kama kupunguza gauni. Daktari anakata ngozi na mafuta ya chini ya tumbo, kovu linatoka nyonga hii hadi nyonga ile. Pengine unawekewa mirija ya kutoa maji siku kadhaa. Maji hukusanyika chini ya ngozi kwa baadhi ya watu, kidonda huweza kuachia au kuingia vijidudu, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, hiyo ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Mwenye sukari isiyotulia na mvuta sigara wako kwenye hatari zaidi. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna mwelekeo mkubwa wa makovu yanayovimba, kwa hiyo mwenye historia hiyo aseme mapema. Halafu uzito lazima uwe umetulia, madaktari wengi wanataka mwaka mzima au zaidi, kwa sababu ukinenepa tena au ukipungua tena kazi inaharibika. Na mwanamke anayetaka kuzaa bado, mara nyingi huambiwa asubiri. Baada ya hapo ni wiki nyingi bila kunyanyua ndoo wala mfuko. Nani atachota maji? Nani atakamua? Hayo ndiyo maswali ya upasuaji kwa mtu wa Shishiyu, kabla ya bei.

Fundi: Na mikono?

Muuguzi: Mikono nayo hukatwa, kovu linakaa upande wa ndani, toka kwapani hadi kiwiko. Unabadilishana ngozi inayotikisika kwa mstari unaoonekana. Wapo wanaoona ni biashara nzuri, wapo wanaojuta.

Sasa niseme upande wangu. Mjadala huu unakwama kwa sababu vidonda na aibu vimetiwa kapu moja. Mwalimu anapokataa kisu anaifikiria aibu, akidhani mtu akiwa na moyo imara yatapita. Binti anapotetea kisu anavifikiria vidonda, lakini anataka kisu kiondoe na aibu humohumo. Mimi nasema vitenganishwe. Ngozi inayotoa vidonda kila msimu, inayomzuia mtu kutembea au kufanya kazi, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na anayekwenda kuitibu kwa dawa au kwa kisu asiitwe mpenda urembo. Bima na hospitali zetu nazo ziutazame hivyo, badala ya kutupa kila ngozi iliyolegea kwenye faili la urembo.

Aibu ni habari nyingine. Aibu aliyonayo mama huyu ameivishwa. Ameivishwa na waliomhoji bibi usiku, na wanaoshika mkono wake mnadani wakacheka unavyotikisika, na wanaomwambia alikuwa akipendeza zaidi zamani. Sipendi pia wale wanaokuja na wimbo wa jipende ulivyo, kisha wanaondoka. Kumwimbia hivyo mtu ambaye kidonda chake kinanuka ni kumkimbia. Na hata asiye na kidonda, akisema moyoni mwake kwamba amechoka na tumbo hili na ana fedha halali na amezijua hatari, sioni kwa nini kata nzima impigie kura. Wengi wanaofanyiwa hufurahi, na wapo ambao tumbo likishatoka macho yao huhamia mapajani. Lakini siwezi kukubali kwamba daktari wa upasuaji ndiye atibu ndimi za watu. Akikata tumbo na mikono na mapaja, mtaani bado watauliza kama amepima.

Mwalimu: Hapo nakusikia. Lakini macho ya watu utayafunga vipi? Huwezi kuweka sheria mtu asishangae.

Bibi: Kushangaa ni kwa siku moja. Sisi tumeshangaa miaka mitatu. Mimi naweza kuanza. Wakija tena usiku kuniuliza nitawaambia ana sukari, amejitibu kwa mdomo wake mwenyewe, na wao wakapime zao. Wanene wote wale wa kwaya hakuna hata mmoja aliyepima.

Muuguzi: Bibi ukifanya hivyo utanisaidia kuliko mabango yangu yote.

Fundi: Na mimi niseme la kwangu, dogo. Mama, mikono mirefu siyo lazima ibane. Nitakushonea inayoishia kiwikoni, yenye upana, kwa kitenge laini cha pamba, siyo haya ya nailoni yanayoshika jasho. Ukanda tutauweka juu ya mkunjo, usikate katikati. Nitakupima mara mbili, umesimama na umekaa, nishone kwa kile cha kukaa. Na kitambaa cha kuchumia nitakitia mikanda ya mabegani, uzito utoke kiunoni uhamie begani.

Mkulima: Hicho cha mabegani nishonee kesho, msimu haungoji.

Binti: Na Mloganzila, shangazi? Hujajibu.

Mkulima: Nimewasikiliza wote ndipo nijibu. Mikono naiacha. Mkono huu umenilea watoto, utikisike. Sitaki mstari toka kwapani hadi kiwiko nitakaoulizwa kuliko ninavyoulizwa sasa. Tumbo ndilo linalonitesa, tena kwa kidonda. Nitafuata dawa ya muuguzi na kitambaa cha fundi msimu huu wote. Uzito wangu haujatulia hata mwaka, bado unashuka kidogokidogo, kwa hiyo hata nikienda leo watanirudisha. Vidonda vikirudi msimu ujao nitakwenda hospitali ya mkoa pale Bariadi, niombe rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, wanione madaktari wa upasuaji kwanza; huko nina ndugu wa kunipikia. Wakisema Dar es Salaam, tutahesabu ng'ombe.

Mwalimu: Na mumeo?

Mkulima: Nitamwambia leo, kabla ya giza. Vidonda hajawahi kuviona. Anadhani namkimbia yeye.

Binti: Nikuandikie maswali ya kumuuliza daktari?

Mkulima: Andika. La kwanza, sukari yangu iwe ngapi ndipo wakubali. La pili, nitakaa wiki ngapi bila kubeba ndoo. La tatu andika hivi: wakikata, je, hapa chini ya mkunjo pataacha kuoza. Wakisema hapataacha, sina haja ya safari.